Waya Mfupi Kwenye Pikipiki ya Mama

Kila Jumamosi Efrazia alimaliza kazi za nyumbani mapema. Alifagia uwanja, akawapa ng'ombe majani, akaosha vikombe vya chai, kisha akavaa sweta lake la zamani lenye madoa ya oili na kwenda kwenye banda la mjomba wake, Sulle. Banda hilo lilikuwa hatua chache kutoka nyumbani kwao, pembeni mwa mji wa Mbulu. Mjomba Sulle alikuwa fundi pikipiki, na Efrazia alipenda kazi ile kuliko mchezo wowote. Alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini alijua kusafisha plagi, kukaza mnyororo na kutofautisha spana namba kumi na namba kumi na mbili bila kutazama maandishi.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, pikipiki iliyokuwa bandani haikuwa ya mteja. Ilikuwa ya mama yake.

Mama Efrazia, jina lake Ludovika, alikuwa nesi. Siku za kliniki alibeba chanjo kwenye kasha la barafu, akaenda nazo vijijini. Miezi ile ya baridi, ukungu wa Mbulu hushuka asubuhi na kukaa juu ya barabara kama moshi wa kuni mbichi. Taa moja ya mbele haikutosha. Mara mbili watu walikuwa wamemwambia kwamba hawakumwona mpaka alipokaribia kuwagusa. Ndiyo maana alikuwa amenunua taa ndogo mbili za LED, za kufunga kulia na kushoto kwenye kava la mbele la pikipiki, ili aonekane mchana kutwa, hata kwa mtu anayekuja kutoka pembeni.

"Shikamoo, mjomba," Efrazia alisalimia.

"Marahaba. Umekuja wakati mzuri. Leo tunamfungia mama yako taa. Nyeupe, za kuwaka tu, siyo za kumetameta kama disko. Taa ya barabarani ni ya kukufanya uonekane. Ukimpofusha mwenzako, umeharibu."

Walifungua skrubu nne, wakalitoa kava. Mjomba alibandika tepu mahali pa kutoboa ili plastiki isipasuke, akapima kwa rula pande zote mbili, kisha akampa Efrazia drili. "Polepole. Usiisukume. Iache ikate yenyewe." Efrazia alitoboa tundu la kwanza huku ameuma ulimi. Tundu la pili lilitoka zuri zaidi. Taa zikakaa mahali pake kama zilizaliwa hapo.

Kisha mjomba akamwonyesha njia ya waya. "Tunachukua umeme kwenye laini hii hapa, inayopeleka umeme taa ya nyuma na indiketa. Zote zinatumia fyuzi moja. Waya ukigusa chuma, fyuzi inaungua, na taa hizo zote zinazimika. Kwa hiyo angalia hapa kwenye shingo ya usukani." Aliuzungusha usukani kulia mpaka mwisho, halafu kushoto mpaka mwisho. "Unaona? Usukani ukigeuka, waya unavutika. Kabla hujakata, geuza usukani pande zote, upime, kisha uongeze urefu wa kiganja. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mjomba."

Hapo simu ya mjomba ikalia. Mteja mmoja alikuwa amepata pancha karibu na soko, na alikuwa na abiria mgonjwa. Mjomba alichukua pampu na kisanduku cha viraka. "Endelea kupima. Nitarudi sasa hivi."

Efrazia alibaki peke yake na pikipiki ya mama yake. Alitaka mjomba akirudi akute kazi imekwisha, aseme, "Huyu sasa ni fundi." Akaunyoosha waya, akaukadiria kwa macho, akakata.

Ulikuwa mfupi.

Usukani ukiwa umenyooka, waya ulifika. Alipougeuza kushoto, waya ulikaza kama uzi wa gitaa na kulalia ukingo mkali wa chuma penye shingo. Efrazia alitazama chini ya benchi, kwenye kopo la vipande, lakini hakuona waya mwingine wa aina ile. Angeweza kusubiri. Angeweza kusema, "Mjomba, nimekata vibaya." Alijiona akisema maneno hayo, akaona na uso wa mjomba ukibadilika, na drili ikichukuliwa mikononi mwake. Akauvuta waya ukafika, akaunganisha, akaufunga kwa kikamba cha plastiki ili usionekane unavyokaza, akarudisha kava na skrubu zote nne.

Mjomba aliporudi alikuta pikipiki imesimama tayari. Aliinua nyusi.

"Umeshafunga? Na kwenye shingo, uliacha waya wa ziada?"

"Ndiyo, mjomba. Niliacha."

Mjomba aliwasha swichi. Taa zote mbili ziliwaka, nyeupe na safi. Alicheka kwa furaha, akampigapiga Efrazia begani. "Huyu sasa ni fundi!" Maneno yalikuwa yale yale aliyotamani kuyasikia, lakini yalipita masikioni bila ladha. Mama yake alikuja, akazitazama taa, akasema, "Asante, mwanangu," na Efrazia akajifanya anatafuta spana chini.

Jumapili walikwenda kanisani kwa pikipiki, Efrazia akiwa nyuma. Mama alipokata kona kuingia uwanjani, Efrazia aliona mwanga uliokuwa ukipiga kwenye ukuta mweupe wa kanisa ukikatika, kama waya umevutwa, kisha ukarudi. Ilikuwa mara moja tu. Mama hakuona. Wakati wa ibada Efrazia alisimama wenzake walipokaa, mpaka mama akamvuta gauni.

Jumatatu ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Mti uliokuwa uwanjani haukuonekana kutoka mlangoni. Mama alikunywa chai akiwa amesimama, amekwisha kuvaa koti na buti.

"Leo naenda kliniki ya kijiji cha Masieda," alisema. "Kina mama wanatoka mbali na watoto mgongoni, sitaki wanisubiri. Napitia kwanza ghalani kuchukua chanjo, halafu naondoka. Wewe usichelewe shule."

"Mama..."

"Nini?"

"Safari njema."

Pikipiki iliondoka. Taa ya nyuma ilionekana kidogo, nyekundu, kisha ukungu ukaimeza. Efrazia alisimama na begi lake la shule. Aliikumbuka barabara ya Masieda, kona moja baada ya nyingine, bonde upande mmoja na malori ya vitunguu saumu yakishuka. Na katika kila kona mama yake angegeuza usukani.

Hakwenda shule. Aligeuka upande wa pili, akaanza kukimbia kuelekea kwenye ghala la chanjo. Matone ya ukungu yalimshika kwenye kope. Alijikwaa kwenye jiwe, akaanguka, akaamka, akaendelea. Njiani alikuwa akijiambia kwamba akikuta mama ameshaondoka hatajua la kufanya, maana mama akiwa barabarani hapokei simu.

Mama alikuwa bado hapo. Alikuwa anafunga kasha la chanjo nyuma ya kiti kwa mpira.

"Efrazia! Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, mama. Usiondoke." Alihema mpaka maneno yakakatika. "Waya. Waya wa taa ni mfupi. Nilikata vibaya, halafu nikamwambia mjomba uongo kwamba niliacha wa ziada. Unakaza ukigeuza usukani. Niliziona taa zikikatika jana kanisani, nikanyamaza."

Mama alimtazama magoti yake yaliyochubuka, akaitazama pikipiki. "Mbona mimi naona zinawaka?"

"Geuza usukani kushoto mpaka mwisho. Tafadhali, mama."

Mama akageuza. Ilisikika sauti ndogo, *tap*, kama punje ya mahindi inayopasuka kwenye kikaango. Taa mbili za mbele zikazimika. Mama alitembea hadi nyuma ya pikipiki, akainama. Taa ya nyuma nayo ilikuwa imezimika. Alijaribu indiketa, kimya.

Aliweka mkono juu ya kiti.

"Ningekuwa kwenye mteremko," alisema kwa sauti ya chini, "na lori nyuma yangu."

Efrazia alilia. Mama hakumgombeza, wala hakumbembeleza. Alitoa simu, akampigia kwanza mjomba Sulle. Kisha akampigia Bura, mhudumu wa afya wa kijiji, aliyekuwa akiwapanga kina mama kule Masieda. "Bura, habari za asubuhi. Waambie kina mama nitachelewa kwa saa moja. Ndiyo, taa za pikipiki zina hitilafu. Chanjo ni salama, barafu ipo ya kutosha. Uwaombe radhi kwa niaba yangu."

Mjomba alifika na kisanduku chake. Alisikiliza maelezo ya Efrazia hadi mwisho bila kumkatiza, akafungua kava. Waya ulikuwa umechubuka pale penye ukingo wa chuma, shaba imebaki wazi, nyekundu, upana wa ukucha. Aliushika kwa vidole viwili akamwonyesha dada yake, halafu akamwonyesha Efrazia.

"Nimekosa, mjomba," Efrazia alisema. "Naomba unisamehe."

"Umekosa. Na mimi nimekosa," mjomba alijibu. "Pikipiki ikitoka bandani kwangu, mimi ndiye ninayetakiwa kuzungusha usukani na kuangalia kwa macho yangu. Nililipokea neno lako nikaacha kuangalia. Dada, unisamehe." Akamgeukia Efrazia, akamnyooshea koleo. "Haya. Ondoa waya wote huo."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Aliyekata ndiye atakayefunga. Safari hii nitasimama hapa hapa."

Efrazia aliutoa waya wa zamani, akachukua mwingine kwenye kisanduku cha mjomba. Aliugeuza usukani kulia, akapima. Akaugeuza kushoto, akapima. Akaongeza urefu wa kiganja kabla ya kukata. Aliuvalisha waya mpira wa kuukinga penye shingo, akaulaza mbali na ukingo wa chuma, akaufunga bila kuukaza. Mjomba aliweka fyuzi mpya. Taa zikawaka mbele na nyuma. Mama aligeuza usukani mara kumi, kulia na kushoto, akihesabu kwa sauti. Hazikukatika.

"Sasa naondoka," mama alisema akivaa kofia ngumu. "Wewe uende shule. Ukiulizwa kwa nini umechelewa, sema ilivyokuwa."

Efrazia aliulizwa, akasema ilivyokuwa, mbele ya darasa zima. Wengine walicheka kidogo. Mwalimu alimwambia akae, akampa mwenzake kazi ya kumwonyesha alichokosa. Kutwa nzima Efrazia alitazama dirishani, akiuona ukungu ukipanda taratibu kutoka kwenye mashamba.

Saa kumi jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, alisikia mlio wa pikipiki na kutoka nje mbio. Mama alikuwa na matope mpaka magotini. Kasha la chanjo lilikuwa jepesi. Efrazia alilipokea, akamletea maji ya moto ya kunawa na sahani ya makande.

"Watoto thelathini na saba," mama alisema baada ya kula vijiko vichache. "Wote wamechanjwa. Hakuna mama aliyeondoka. Na kwenye kona ile ya chini, mchungaji mmoja alikuwa amejaza ng'ombe barabarani. Aliona mwanga nikiwa bado mbali, akawatoa wote pembeni. Nilipompita akapunga fimbo. Mimi sikuwa nimewaona hao ng'ombe hata kidogo."

Efrazia alikaa kwenye kigoda karibu naye. "Mama, mjomba atanikataza bandani?"

"Amesema Jumamosi uende kama kawaida."

Mama aliweka sahani chini. Alimshika Efrazia mkono na kuugeuza, akaitazama alama nyeusi ya oili iliyokuwa haijatoka kidoleni.

"Nisikilize vizuri, mwanangu. Kukata waya mfupi si dhambi. Mimi mwenyewe, nilipokuwa najifunza unesi, niliharibu mengi mbele ya walimu wangu. Waya ukiwa mfupi, tunaunga, au tunaweka mwingine. Lakini ukiniambia unatosha, na hautoshi, nitaupanda mlima kwa kukuamini wewe. Leo asubuhi uliona aibu kubwa, nilikuona. Aibu hiyo imepita, na mimi nimerudi. Siku nyingine ukikosea, sema pale pale, kazi ikiwa bado mkononi, maana hapo ndipo kosa linapotengenezeka."

"Nitasema, mama."

"Najua. Ulikimbia kwenye ukungu kuja kusema." Mama aliokota sahani yake tena. "Sasa leta maji na kitambaa, tukaifute pikipiki kabla matope hayajakauka."