Picha Ilipokuwa Safi

"Kamera yenu ni kipofu!"

Sauti ya Abigaëlle ilipenya kelele zote za soko la Kolwezi. Alisimama mbele ya duka la vyombo vya umeme, amevaa kikwembe cha manjano, na hasira ilimpendeza. Kijana mrefu aliyekuwa akinunua nyaya aligeuka, akacheka.

"Mama, si kipofu. Uliiweka wapi?"

"Na wewe ni nani?"

"Gradi. Kufunga kamera njo kazi yangu."

Jioni ile Gradi alikuwa kwenye depo ya Abigaëlle ya kuuzia unga, kando ya barabara. Abigaëlle alitaka kuiona akiwa nyumbani, maana wezi walizidi tangu watu wa mgodi walipochora misalaba myekundu kwenye kuta za nyumba za mtaa zitakazobomolewa, bila kutaja siku. Gradi aliitoa antena nyuma ya mlango wa chuma, akaipandisha juu ya ukuta. Nyumbani akakisogeza kipokezi mbali na televisheni. Picha ikaja, lakini ikikatikakatika. Katikati palikuwa na nyumba ya jirani, Mama Ndaya, na mabati yake yalizuia mawimbi.

Gradi alirudi kesho yake, na keshokutwa yake. Alicheza mbele ya kamera, simu sikioni, akimbembeleza Abigaëlle aliyekuwa nyumbani.

"Chérie, unaniona?"

"Naona muguu moja tu."

"Na moyo?"

"Ile iko mbali na antena!"

"Ngoja juma ijayo. Picha itakuwa safi."

Juma lililofuata mashine za mgodi ziliingia mtaani. Nyumba ya Mama Ndaya ilianguka ya kwanza. Vumbi lilipotua, Abigaëlle alitazama skrini: picha imetulia, hata maandishi ya mifuko ya unga yanasomeka. Simu ikalia.

"Chérie, niko Tenke. Picha iko namna gani?"

"Safi. Safi kabisa. Ulijua, Gradi! Ulisema juma ijayo. Unafungaka kamera kwa bakubwa ba mgodi, bakakuambia, ukanyamaza!"

Akakata. Hakupokea tena.

Gradi alifika na pikipiki siku ya pili, suruali nyekundu kwa vumbi, kasha la antena kifuani. Alimkuta Abigaëlle na wazazi wake wakipakia lori. Walikuwa wanahamia Tenke, kwa shangazi, kabla nyumba yao nayo haijavunjwa.

"Nilingoja hii antena mupya. Treni yenye kuileta iliharibikia Tenke, nikaifuata."

"Na nyumba? Haukusikia kitu?"

Gradi aliinamisha kichwa. "Nilisikia. Hakuna mutu aliniambia siku. Niliogopa utahama kabla sijakuambia nakupenda."

"Mama Ndaya angetoa mabati yake, Gradi. Angetoa vitanda."

Gradi aliweka kasha chini, akaenda kwenye kifusi cha nyumba, alikosimama Mama Ndaya, akaanza kuvuta mabati kwa mikono mitupu. Moja, kisha jingine. Yaliyojikunja aliyanyoosha kwa jiwe. Abigaëlle alimtazama kwa muda mrefu huku hasira ikimpanda na kushuka. Dereva akapiga honi. Abigaëlle akamfuata Gradi, akafunga kitambaa chake kwenye kiganja chake kilichochanika.

"Nikuje Tenke?" aliuliza Gradi.

"Peke yako, hapana. Ukuje na papa yako, aongee na wangu."

Akapanda lori bila kugeuka. Lori halijafika barabara kuu, Gradi alikuwa tayari na simu.

"Allô, papa? Siku ya Mungu, Jumapili hii, uko na kazi?"