Miiba Juu ya Kisima cha Kyule

“Ukikata shamba vipande uuze, hiyo faida serikali nayo inakula?” Mwongeli, jirani, alimuuliza mzee Kyule siku moja nje ya kanisa.

“Inakula,” Kyule akajibu. “Na nitalipa hiyo kodi kwanza. Lori ya Kitheka itangoja.”

Kitheka, mwanawe aliyeahidiwa lori kwa pesa ya shamba hilo, alikuwa amesimama hapo.

Jumamosi asubuhi, hapo Migwani, Mwongeli alishuka kuteka maji kwa kisima ambacho familia ya Kyule ilichimba kwenye mchanga wa mto mkavu. Akavuta matawi ya miiba yaliyofunika mdomo wa kisima. Chini alimwona Kyule, aliyeonekana mara ya mwisho Ijumaa, mguu umevunjika, amekufa. Kucha zilikuwa zimetoka kwa kukwaruza ukuta.

Sajenti Wavinya alifika saa tatu. Wenzake walikuwa wameshamkamata Sufian, mwenye duka wa Mwingi aliyenunua kipande kimoja. Alhamisi aligombana na marehemu kwa sababu hati ya shamba ilichelewa. Jumatatu angepelekwa kortini kwa mauaji.

“Niligombana naye, ndiyo,” Sufian akasema. “Lakini afande, mzee akifa mimi napata nini? Shamba bado liko kwa jina lake. Mnamzika na pesa yangu.”

Wavinya akampeleka mtoni. “Funika kisima.”

Sufian akashika tawi katikati, akalitupa, akalamba damu kidoleni. “Kwetu tuna maji ya mfereji,” akasema.

Mwongeli alikuwa ameeleza vile alivyokuta miiba: mashina yote nje, ncha ndani, ili anayerudi kuteka avute bila kudungwa. Aliyeteleza hawezi kujifunika hivyo. Aliyefunika ni mtu wa familia yenye kisima hicho, na Mumbua, mke wa marehemu, alikuwa kule Nuu tangu Alhamisi kwa mkutano wa akina mama wa kanisa.

Jumapili jioni watu waliomba nyumbani kwa Mumbua. Kitheka ndiye aliyeongoza maombi, na aliomba vizuri. Wavinya akangoja amina, kisha akawaomba majirani watoke.

“Ijumaa ulikuwa wapi?”

“Mjini Wote, afande. Natafuta lori.”

“Lete mikono.”

Kwenye kidole gumba kulikuwa na mwiba uliokatikia ndani, umeanza kutunga usaha.

“Huko Wote lori zinauzwa na miiba?”

Kitheka akacheka kidogo, kisha akaacha. Alimwangalia mamake, akaangalia chini.

“Alitaka kupatia serikali pesa yangu,” akasema. “Niliambiwa shamba la urithi halina kodi.”

“Kurithi hakuna kodi. Lakini ukishalirithi, ulikate, uuze upate faida, hiyo faida inalipiwa. Bado ungelipa.”

Kitheka akamtazama kama mtu aliyeibiwa.

Mumbua akamgeukia mwanawe. “Ulipomsukuma, alikuita?”

“Aliita. Alikuwa anataka kamba.”

“Na miiba ulimwekea ya nini, Kitheka? Ungeacha wazi, tungesema mzee aliteleza. Hata mimi ningesema hivyo.”

“Mbuzi zetu zilikuwa zinakuja, mama. Niliogopa zitaanguka.”

Mumbua akasimama, akajifunga leso kiunoni, akatoka nje.