Mlango Ufunge Taratibu

Foleni ya duka la kuchapa barua ilikuwa imetokeza hadi barabarani. Kimya, mpiga pasi wa kwa dobi jirani, alisukumwa mpaka akagota kwenye kaunta. Alivaa gauni la kijani lililonyooka kama jani jipya, amekumbatia karatasi kadhaa kifuani.

"Barua ya kazi, dada?" mchapaji aliuliza bila kuinua macho.

"Riwaya," akanong'ona.

Macho yakainuka. Yakakawia hapo.

"Umeandika mwenyewe?"

"Shule niliiachia darasa la tano. Mkono sikuuacha huko."

Mchapaji alicheka mpaka foleni ikaguna.

Tangu siku ile, kila asubuhi kabla pasi hazijapata moto, Kimya aliandika ukurasa mmoja. Kila mchana akaupeleka ukachapwe. Kuna siku ulitoka mbovu, muuza maua, mhusika mkuu wa riwaya yake, amegoma kusema. Aliuandika hivyo hivyo. Alikwisha kugundua kwamba ukurasa mbovu unarekebishika. Usioandikwa ndio hauna dawa.

Simu za mchapaji nazo hazikukoma.

"Muuza maua wako kaamkaje?"

"Kanuna."

"Na mwandishi wake?"

"Yuko mbele ya pasi. Ukimchekesha ataunguza kola ya watu."

"Heri iungue kola, mpenzi, kuliko roho yangu."

Walipofika ukurasa wa sitini, Kimya akajipa moyo, akawasomea wenzake kazini nakala iliyochapwa. Muuza maua alikuwa anaachwa na mchumba. Kimya alikuwa ameandika: "Nenda. Ila mlango ufunge taratibu, mama amelala." Karatasi ikasema: "Kuhusu uamuzi wako wa kuniacha, napenda kukujulisha kuwa nimeupokea kwa masikitiko. Natanguliza shukrani."

Mmoja alicheka hadi akaketi sakafuni. "Shoga, huyu kaachwa au kaomba likizo?"

Kimya alikwenda dukani moja kwa moja.

"Maneno yangu yalikutia aibu?"

"Nimeyanyoosha tu, mpenzi, yapendeze..."

"Kinachonyooshwa ni nguo."

Akatoka bila hata kudai karatasi zake. Simu hakupokea. Siku tatu kila sentensi ilimzomea: hukumaliza shule wewe! Siku ya nne akaandika huku anazomewa. Wiki mbili zikapita, sauti ile ikachoka, yeye hajachoka.

Wiki ya tatu mchapaji akaingia kwa dobi, shati limekunjamana, ndevu hazijaguswa, bunda la karatasi mkononi.

"Nimezichapa upya zote sitini, neno kwa neno. Pale pa mlango nilishindwa kuendelea. Nililia, mwanamume mzima."

"Kwa nini ulibadilisha?"

"Miaka saba nachapa barua za maombi. Nikimsikia mtu analia, mimi nadhani anaomba kazi. Sikukudharau, Kimya. Nisamehe."

Kimya akazipitia karatasi, moja baada ya nyingine, bila haraka. Hakuna neno lililoguswa.

"Nimekusamehe. Siku nyingine ukiona kosa, niulize kwanza."

"Basi nauliza la leo. Utakubali nikuoe?"

Kazi ikasimama, pasi ya mtu ikaanza kufuka moshi. Kimya, aliyezoea kuzungumza na sakafu, alimtazama usoni.

"Nimebakiza kurasa ishirini na sita. Sizikatizi kwa ajili ya mtu, hata wewe."

"Kwa hiyo nisubiri mpaka lini?"

"Siku ishirini na sita. Ya ishirini na saba, walete wazee wako kwa mama."