Mlio Si Dawa

Kwa Kinyozi hakukuwa na haraka. Mteja aliingia, akakaa kwenye kiti cha kuzunguka, akafungwa kitambaa shingoni, na mazungumzo yakaanza kabla ya mashine kuwashwa. Ukutani, juu ya kioo, mwenyewe alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: AKILI NI NYWELE, KILA MTU ANA ZAKE. HAPA TUNAPUNGUZA NYWELE TU.

Lakini watu hawakumpendea maandishi. Walimpendea mikono. Akishamaliza kunyoa, akishapaka spiriti na kupiga poda, Kinyozi alimshika mteja kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mkono wa pili.

"Legeza," alisema.

Kisha alizungusha shingo ghafla. Ka! Upande wa pili, Ka! Mteja alifumba macho kwa raha.

"Duh! Umenizaa upya."

"Huo mlio ni ugonjwa unatoka," Kinyozi alijibu. "Isipolia, ujue bado umo."

Hakuna aliyemsomesha kazi hiyo. Alimwona kinyozi mkubwa aliyemfundisha kunyoa akifanya hivyo, naye akafanya. Kwa miaka mingi hakuna aliyeumia, au tuseme hakuna aliyerudi kusema.

Nyumbani mikono hiyo ndiyo iliyokuwa zahanati. Mkewe alikuwa mshonaji. Akiinamia cherehani kutwa nzima, jioni mumewe alimnyoosha mabega. Binti yao alicheza mpira wa wavu, na mtaa mzima ulimwita Nyundo kwa jinsi alivyoupiga mpira kutoka juu. Kila baada ya mechi alijilaza mkekani, baba yake akamzungusha kiuno mpaka kikalia, kisha wote wawili wakacheka. Hata mama alicheka, ingawa alikuwa akisema, "Siku moja mtavunjana."

Mwaka huo Nyundo alimaliza shule. Kocha wa chuo kimoja alikuwa amemwona akicheza, akaahidi kurudi kuchagua wasichana wa timu yake. Watakaochaguliwa wangesoma bila karo. Kwa kinyozi na mshonaji, mlango mwingine wa chuo haukuwepo. Nyumba nzima ikawa inamsubiri kocha huyo.

Jumamosi moja, siku chache kabla ya kocha kurudi, Nyundo aliruka kuzuia mpira akatua vibaya. Alitua kwa mguu mmoja, mwili umejipinda. Alimaliza mchezo kwa kuuma meno. Jioni akaingia nyumbani ameshika kiuno kama bibi kizee.

"Umefanyaje tena?" mama aliuliza.

"Mgongo, mama. Hapa chini."

"Kesho tunakwenda hospitali."

"Hospitali ya nini?" Kinyozi alidakia. "Watampa vidonge, watamwambia apumzike. Kocha naye atamsubiri? Lala hapa, mwanangu. Baba yako yupo."

Alimbonyeza, akamzungusha kiuno. Ka! Nyundo akashusha pumzi, akasema afadhali. Kinyozi akamtazama mkewe kwa maringo.

Asubuhi maumivu yalikuwa yamehama. Sasa yalitoka kiunoni, yakapita kwenye tako, yakashuka mpaka kwenye kigimbi cha mguu wa kushoto. Mama alikuwa ametoka kupeleka nguo za wateja. Kinyozi akamlaza binti yake tena mkekani. Akamzungusha, kiuno hakikulia. Akazungusha tena, kimya. Akaweka goti lake juu ya kiuno cha mtoto, akavuta bega kwa nguvu zote. Ka!

Nyundo alipiga ukelele ambao baba yake hakuwahi kuusikia, hata siku alipovunjika jino.

"Tayari, tayari, imetoka!" Kinyozi alisema. Jasho lilikuwa linamtiririka.

Nyundo aliinuka akishikilia ukuta, akavaa kandambili zake, akaelekea mlangoni. Ya kushoto ilimtoka mguuni ikabaki nyuma. Aliendelea kutembea. Hakujua kwamba hana kiatu.

Kinyozi aliiokota ile kandambili, akabaki ameishika. Moyo ulimwambia kitu, naye akauambia unyamaze.

"Usimwambie mama yako bado," alisema. "Itakaa sawa."

Haikukaa sawa. Kutwa nzima Nyundo aliburura mguu, na mama si kipofu. Alikuwa na mteja mmoja, mwanamke anayemshonea makoti meupe ya kazi, jirani wa mtaa wa nyuma. Mlangoni kwake palikuwa na kibao kilichoandikwa TABIBU WA KAIROPRAKTIKI, lakini majirani walifupisha wakamwita Tabibu wa Mgongo. Kazi yake ilikuwa kutibu viungo na uti wa mgongo kwa mikono, na wachezaji wengi walioumia walipitia kwake.

"Kesho asubuhi tunakwenda kwa Tabibu," mama alisema. "Nani atanizuia?"

Kinyozi hakumzuia. Akilini aliwaza kwamba huyo naye ananyoosha kama yeye, labda ana mlio mkubwa zaidi.

Walikwenda wote watatu. Chumba cha Tabibu kilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kulikuwa na kitanda chembamba chenye tundu la kuwekea uso, na mfano wa uti wa mgongo ukining'inia kwenye ndoano. Tabibu mwenyewe alikuwa na mikono midogo. Hakumlaza Nyundo kitandani. Alimkalisha kwenye kiti, akaanza kuuliza.

"Uliumia vipi? Maumivu yanakwenda wapi? Ukikohoa yanazidi?"

Nyundo alijibu yote.

"Mkojo unatoka kama kawaida? Haja kubwa je? Una ganzi hapa katikati ya mapaja?"

Nyundo aliinamisha kichwa. Mama alikunja uso. "Mbele ya baba yake?"

"Si maswali ya aibu, dada," Tabibu alisema. "Mtu mwenye mgongo mbovu akishindwa kuzuia haja au akishindwa kukojoa, au akapata ganzi hapo, anakimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Akichelewa anaweza kulemaa."

"Haja iko sawa," Nyundo alijibu kwa sauti ndogo. "Ganzi iko mguuni tu."

Tabibu aligonga magoti yake kwa kinyundo cha mpira. Akamwambia atembee kwa ncha za vidole, akaweza. Akamwambia atembee kwa visigino. Kisigino cha kulia kilishika. Wayo wa kushoto ulianguka chini, pa!

"Baada ya kuumia, kuna mtu amekunyoosha?"

Nyundo alitazama ukuta. "Hapana."

Kinyozi alisikia lile neno likimwingia mwilini. Mtoto alikuwa anasema uongo kwa ajili yake. Angeweza kunyamaza, na mkewe asijue mpaka anaingia kaburini. Lakini mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Na kilio chenyewe hakikuwa chake, kilikuwa cha mwanawe.

"Ni mimi," alisema.

Mkewe aligeuka. "Wewe ulifanyaje?"

"Nilimzungusha mara mbili. Mara ya pili uliponiacha naye. Nilitumia goti. Alianza kuburura mguu hapo hapo, nikamwambia asikwambie."

Huko chini dukani mtu alikuwa akikata bati. Mama alifungua mkoba akaufunga, akaufungua tena, bila kutoa chochote ndani yake.

"Asante kwa kusema," Tabibu alisema. Hakupandisha sauti. Alishusha ule mfano wa uti wa mgongo. "Tazameni. Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini kama mto mdogo wa kulalia. Tunakiita diski. Kinazuia mifupa isisagane. Ukitua vibaya kinaweza kupasuka kidogo. Ukikizungusha kwa nguvu wakati kimeumia, kinaweza kutoka zaidi na kuukandamiza mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Nadhani ndicho kilichotokea."

"Basi mrudishie," Kinyozi aliomba. "Wewe ndiye fundi. Mlize kidogo tu, kirudi."

"Leo simnyooshi. Mguu umepoteza nguvu. Anakwenda hospitali sasa hivi, apigwe picha, daktari amwone. Kazi yangu ya kwanza ni kujua nani nisimguse."

"Lakini ule mlio..."

"Ule mlio ni hewa. Ndani ya kiungo kuna maji maji, na hewa ikitengana nayo hulia. Chupa ya soda ukiifungua inalia. Imepona nini?"

Siku nyingine Kinyozi angecheka. "Na shingo?" aliuliza polepole.

"Shingoni kuna mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo. Ukizungusha ghafla, mshipa unaweza kuchanika. Si kila mtu, lakini ukichanika mtu anaweza kupata kiharusi, pengine baada ya siku kadhaa, hata asikumbuke kwamba alizungushwa. Mimi nimesomea, na ziko shingo nisizozigusa."

Kinyozi alimkumbuka mchomeleaji mmoja, mteja wa kila wiki. Alikuwa ameacha kuja ghafla, na watu walisema amepooza upande. Huenda ilikuwa presha, huenda ilikuwa Mungu tu. Huenda pia ilikuwa mikono hii. Hakujua, na hatajua kamwe.

Hospitali, picha ilionyesha yaleyale. Daktari akasema watampa dawa na kumwangalia kwa karibu. Mguu ukizidi kulegea, watampasua. Nyundo alirudi nyumbani na masharti: asibebe mizigo, asiruke, asilale kitandani kutwa bali atembee kidogo kidogo, na asinyooshwe na mtu yeyote.

Mchuma janga hula na wa kwao. Nyumba ile ilikula janga la Kinyozi chumba kwa chumba. Mkewe alimwandalia chakula, hakumwandalia maneno. Siku ya kwanza Nyundo alipotaka kushuka ngazi ya mlangoni, baba yake alikimbia kumshika mkono.

"Acha, baba," alisema. "Usinishike."

Hakusema kwa hasira. Alisema kwa woga, na woga ule ulimuumiza Kinyozi kuliko matusi.

Kocha wa chuo alikuja kama alivyoahidi. Uwanja haukuwa mbali. Nyundo alikaa kitandani akisikia filimbi na kelele za wenzake, kisha akamwomba mama yake afunge dirisha. Nafasi yake ilichukuliwa na msichana mwingine, mzuri tu, mwenye haki yake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nyundo hakupasuliwa. Maumivu yalipungua kwanza, nguvu za mguu zikafuata kwa kujivuta. Daktari alipotoa ruhusa, akarudi kwa Tabibu. Mama alikwenda naye, na Kinyozi akawafuata nyuma kama mgeni. Tabibu alimfundisha kukaza misuli ya tumbo na mgongo. Alimfundisha kuinua wayo huku amefungwa utepe wa mpira. Baadaye alianza kumtibu kwa mikono, taratibu, kwenye nyonga na mgongo wa juu palipokakamaa. Pale palipoumia hakupagusa.

"Mbona hakuna mlio?" Kinyozi alinong'ona.

"Siuhitaji," Tabibu alijibu. "Tena mikono yangu ni msaada tu. Dawa kubwa ni mazoezi anayofanya mwenyewe kila siku. Na asirudi uwanjani kwa sababu maumivu yameisha. Atarudi mguu ukiwa na nguvu, na akishajua kutua."

Wakaanza kujifunza kutua. Miguu miwili, magoti yamekunjwa, mwili umenyooka. Kwanza kutoka kwenye ngazi moja, baadaye kwa kuruka kidogo. Msimu ulipita, mwingine ukaingia, ndipo Nyundo akarudi uwanjani, tena kwenye timu ya mtaa. Mguu sasa ulimbeba, ingawa akichoka bado aliburura kidogo ule wa kushoto. Haruki kama zamani. Wasichana wadogo wakija mazoezini, yeye ndiye anayewafundisha kutua, na akimwona anayejishika mgongo anamtoa nje bila kusikiliza kisingizio.

Kwenye duka la kunyolea, maandishi ya ukutani yaliongezwa mstari. AKILI NI NYWELE, KILA MTU ANA ZAKE. HAPA TUNAPUNGUZA NYWELE TU. SHINGO HATUGUSI.

Hata hivyo wako wasiosoma. Mchana mmoja mteja wa zamani aliyerudi kutoka safari alinyolewa, akapigwa poda, akainamisha kichwa akisubiri. Kinyozi alifungua kitambaa akakikung'uta.

"Tumemaliza."

"Tumemaliza nini? Na Ka yangu?"

"Sifanyi tena. Shingo ikikuuma nenda kapimwe."

"Mikono imezeeka, mzee?" mteja alicheka.

"Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji," Kinyozi alisema. "Mimi nimeshanyolewa."

Mteja alitaka kucheka tena. Ndipo akamwona Nyundo akiingia kumletea baba yake chakula, na akaona jinsi mguu wa kushoto ulivyochelewa kupita kizingiti. Alivaa kofia yake, akalipa, akatoka.

Jioni ile mama alikuwa kwenye cherehani. Nyundo alitandika mkeka, akalala chali, magoti yamekunjwa, akaanza mazoezi ya tumbo. Nyayo ziliteleza. Akajaribu tena, zikateleza.

"Baba," aliita. "Njoo unishike miguu."

Cherehani ilisimama. Kinyozi alipiga magoti kando ya mkeka, mikono iko hewani, hajui pa kuiweka.

"Nishikeje?"

"Shika tu. Usifanye kitu kingine."

Alivishika vifundo vya miguu ya binti yake kwa mikono miwili. Vilikuwa vya moto. Nyundo akainuka, akarudi chini, akainuka tena, na baba yake akashika tu. Baada ya muda cherehani ikaanza tena kufanya kazi.