Mchungaji Aliyekuja Peke Yake

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya minazi Mchungaji Wilfred alipotia Biblia kwapani na kwenda kumwombea Bibi Benedikta. Ilikuwa ziara ya kawaida. Bibi huyo, mjane wa mkata mkonge aliyehamia Pangani zamani kutoka milimani, alikuwa hawezi tena kutoka kitandani, na mjukuu wake Jenifa ndiye aliyemuuguza.

Wilfred alikwenda peke yake, na jambo hilo alijivunia.

Usharika ule ulikuwa na desturi ya tangu enzi na enzi. Mchungaji haingii nyumba ya muumini bila mzee wa kanisa. Mzee hutangulia, hukohoa mlangoni, hutaja jina lake, kisha la mchungaji. Hapo ndipo mlango hufunguliwa. Wilfred alikuwa ametoka Chumbageni, mjini, alikozoea kazi ya haraka, na aliona ni hasara kupoteza jioni nzima akimngoja Mzee Tadeo na mguu wake mbovu huku wagonjwa wanasubiri. Basi akaivunja desturi ile kutoka mimbarani. Nitakuja peke yangu, aliwaambia, na nikibisha hodi nifungulieni.

Watu walipiga makofi. Tadeo peke yake ndiye aliyemfuata ofisini baada ya ibada, akamsihi airudishe. Alipoulizwa sababu alisema tu kwamba waliotangulia hawakuwa wajinga. Mwishowe aliinamisha kichwa. Mchungaji ndiye kiongozi, yeye atatii.

Njia ilipita mbele ya baraza la Bi Mwatumu, mama wa Kiislamu aliyekaanga mihogo karibu na kambi ya zamani ya mkonge. Wilfred akampa shikamoo yake.

"Marahaba, mwanangu. Leo wapita mara ngapi? Au hilo kanisa lenu limekukata vipande viwili?"

Akacheka. Wilfred naye akacheka, akaendelea na safari. Alikuwa ameshafika mbali kidogo kicheko kilipomkauka.

Siku ile hakuwa amepita pale kabla ya hapo.

Kambi ilikuwa kimya. Nyumba za vibarua zilisimama mstari mmoja, na mkonge ulioachwa ulikuwa umeota kiholela hadi kwenye kuta. Harufu ikampiga puani... harufu ya makapi ya mkonge yaliyooza, ile ambayo wazee walisema ilikuwa ikitoka kiwandani. Lakini kiwanda kilifungwa kabla yeye hajazaliwa.

"Hodi."

Komeo likalia. Jenifa akachungulia.

"Umesahau kitu, Mchungaji?"

Wilfred akamwambia kwamba ndiyo kwanza anafika. Msichana akamtazama usoni, akamtazama miguuni, kisha akarudi usoni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mchungaji ametoka sasa hivi. Alikuwa amekaa na bibi. Kiti chake bado kiko pale.

Kiti kilikuwa kando ya kitanda. Wilfred akakigusa.

Kilikuwa kimelowa, na kilikuwa cha baridi kama jiwe la kisimani.

Akauliza huyo mgeni aliomba nini. Jenifa akasema hakuomba. Aliuliza majina. Ya watoto wa bibi, ya wajukuu, ya wazazi wake, hata ya wale waliokufa wangali wachanga. Bibi alifurahi, maana ni siku nyingi hakuna aliyemuuliza habari za watu wake. Akayataja yote, mmoja baada ya mwingine.

"Na kila akitaja jina," Jenifa akanong'ona, "yule alikuwa anameza."

Wilfred akapiga magoti kando ya kitanda. Macho ya mgonjwa yalikuwa wazi, makavu.

"Bibi, huyu hapa ni nani?"

Benedikta akamtazama binti aliyemlea tangu anaachishwa ziwa. Akamtazama kwa muda mrefu.

"Ni binti mzuri," akasema. "Kwao ni wapi?"

Jenifa akajiziba mdomo kwa khanga.

Ni uzee, Wilfred akajiambia. Ni homa. Akaomba, lakini maneno yalimtoka bila uzito, kama mtu anayesomea wengine tangazo. Kisha akamwagiza msichana atie komeo asimfungulie mtu yeyote. Hata yeye.

Nje, mwanga ulikuwa umebaki mwembamba juu ya mkonge. Mbele yake, kwenye nyumba ya mwisho ya mstari, alisimama mtu. Kola yake nyeupe ilionekana vizuri.

"Hodi hapa... ni mimi, mchungaji wenu."

Sauti ilikuwa yake. Hata kile kikohozi kidogo baada ya hodi kilikuwa chake.

Mlango ukafunguliwa.

Wilfred akataka kupiga kelele. Hakuna kilichotoka. Koo lilikuwa tupu, kana kwamba sauti ile imetumika kwingine. Akakimbia mpaka pale, akaugonga mlango kwa ngumi, akagonga tena, lakini wa ndani hawakumfungulia mtu asiyejitaja.

Sauti ilimrudia barazani kwa Mzee Tadeo. Akamweleza yote, akijikwaa kwa maneno. Tadeo hakushtuka. Alisema kwamba kitu kile kipo tangu enzi za kambi, watu walipokuwa wakifa mbali na kwao bila wa kuwazika kwa jina. Kama ni wao, au ni kingine kilichozoea njaa yao, yeye hajui. Huja kwa sura ya yule anayengojewa.

"Lakini hakijawahi kuja kwa sura ya watu wawili," akasema. "Ulidhani mzee anakwenda kukulinda wewe, Baba Mchungaji. Alikuwa anawalinda wao. Sasa umewaambia wafungue."

Wilfred akauliza kwa nini hakumwambia tangu mwanzo. Tadeo akajibu kwamba angemcheka. Hata marehemu mke wake alikuwa akisema wachungaji wa mjini...

Mkono wake ukapapasa hewani.

"Yule mama... mama watoto..."

Wilfred akadhani ni majonzi. Yeye Wilfred ndiye aliyemzika mke huyo.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya usharika bila mahubiri. Akawaambia kwamba amekosea, kwamba desturi inarudi leo hii, na mchungaji akija peke yake asifunguliwe, hata akilia. Hakuna aliyepiga makofi. Kisha, kwa kuwa alihitaji kujua ukubwa wa jambo, akawaomba waliotembelewa na mchungaji akiwa peke yake wainue mikono.

Tangu lile tangazo hakuwa ameingia nyumba yoyote ila ya Benedikta.

Mikono ikainuka kwenye mabenchi ya mbele. Ikainuka upande wa akina mama. Ikainuka kwenye kwaya nzima, taratibu, kila mtu akimtazama jirani yake. Na kwenye kiti cha wazee wa kanisa, akiwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyetii, Tadeo naye alikuwa ameinua wake.

Wilfred akashuka, akaenda kumshika bega.

"Mzee," akasema polepole. "Mke wako aliitwa Kristina."

Tadeo akamtazama kwa adabu, akilitafuta jina lile.

"Kristina," akarudia. "Alikuwa muumini wa mtaa gani, Mchungaji?"