Yame Maana Yake Acha

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita walifagia uwanja huku mwenzao Qabale akiwapa mazoezi. Mwalimu Noriko, aliyetoka Japani kufundisha hesabu katika shule yao mjini Isiolo, alikuwa akiandaa siku ya michezo kama ya kwao, iitwayo undokai. Qabale ndiye aliyeyashika maneno yake upesi kuliko wote.

"Yoi!" alipaza sauti, na wenzake wakakaa tayari. "Don!" Wakaanza kutimua vumbi kwa mafagio. "Yame!" Wakaacha papo hapo.

"Na ganbare?" aliuliza rafiki yake, Gathoni.

"Hiyo unampigia kelele mtu anayeendelea kujitahidi. Kwa aliyekwisha kumaliza, unapoteza pumzi yako bure."

Siku yenyewe wazazi walijaa kando ya uwanja. Qabale alikuwa katika kundi la wekundu, Gathoni la weupe. Kila kundi lilirusha vimpira vya kitambaa ndani ya kapu lililofungwa juu ya nguzo. Washindi wangepewa mpira wa ngozi wauchezee muhula mzima.

"Yame!" aliita Mwalimu Noriko.

Qabale alisikia vizuri. Alikuwa na kimpira kimoja mkononi. Akakirusha, kikaingia.

Vimpira vilitolewa kimoja kimoja huku uwanja mzima ukihesabu kwa sauti. Kapu la weupe likaisha. La wekundu likabaki na kimoja.

"Mwalimu, Qabale alirusha baada ya yame!" Gathoni alilalamika.

"Mimi najuaje? Hicho ni Kijapani, na mimi ni Mborana!"

Wekundu wakaangua kicheko. Mwalimu Noriko hakucheka.

"Kosa ni langu," alisema taratibu. "Niliwafundisha haraka. Mwakani tutapiga filimbi tu, maneno haya tuyaache."

Wekundu wakapewa mpira, na Qabale akampelekea mama yake kando ya uwanja auone. Mama hakuugusa.

"Mbuzi wakiingia jikoni unawafukuza kwa neno gani?"

"Yame, mama."

"Wanaelewa?"

"Wanaelewa."

"Basi mbuzi wangu wamekushinda akili, ama unamdanganya mwalimu wa watu. Ni lipi?"

Qabale aligeuka. Mwalimu Noriko alikuwa akikunja bendera peke yake. Akamwendea.

"Mwalimu, nilijua. Nilisikia yame, nikarusha."

Mwalimu alimtazama, kisha akaupokea mpira. "Asante kwa kuniambia. Basi turudie."

Makundi yakarudia mchezo, na weupe wakashinda bila ubishi. Gathoni aliukumbatia mpira, akamtupia Qabale jicho.

"Utacheza na sisi?"

"Hata usiponiita nitakuja."

Njiani mama alisema, "Mpira umekwenda, hilo litapita. Lakini ulikuwa radhi mwalimu aende nyumbani akidhani hajui kazi yake. Uongo wako haukukaa kwako, ulimwangukia mtu mwingine. Ukikosa, sema nimekosa, tena mapema, watu waendelee na shughuli zao. Sasa kaza mwendo, ndama hawajanywa maji."