Nukta Nyuma ya Ngoma Kubwa

Ilianza na filimbi. Fundi sauti alikuwa ameishusha hadi sifuri, lakini iliendelea kusikika. Si filimbi yenyewe, bali mwangwi wake, ukipita mwisho wa ukumbi taratibu kama mtu anayeburuta kandambili.

Ukumbi huo haukujengwa mahali popote. Ulikuwa ndani ya kompyuta, katika programu inayoiga namna sauti inavyogonga kuta na kurudi. Wapigaji wake sitini nao walikuwa wa kompyuta, kila ala ni nukta juu ya mchoro: nukta ikisogezwa mbele, sauti hukaribia, ikirudishwa nyuma, huzama katika mwangwi. Kazi ya fundi ilikuwa kuwapandisha hawa na kuwashusha wale, hadi msikilizaji aamini kwamba watu hao wapo.

Akakagua. Alikuwa amesahau kufunga njia inayopeleka filimbi kwenye mwangwi, kosa la kila siku katika kazi hiyo. Akaifunga. Mwangwi haukukoma.

"Wageni wako wameshiba?" mkewe aliuliza mlangoni. Ulikuwa utani wake wa kila mchana. "Watu sitini chumbani kwangu, sijaombwa hata maji! Mungu akuzidishie wa aina hiyo."

Mkewe akacheka. Alisimama hatua mbili tu kutoka kwenye kiti cha fundi, ila kicheko kilifika kwa kuchelewa, chembamba, kama kimevuka safu nyingi za viti vitupu.

Fundi akautazama mchoro. Nyuma ya ngoma kubwa palikuwa na nukta ya sitini na moja, isiyo na jina.

Aliifuta, asubuhi aliikuta. Aliivuta mbele, ikarudi yenyewe, nyuma zaidi ya ilipokuwa. Chumba kikaanza kunuka kama nyumba iliyofungwa miaka mingi. Kufikia mwisho wa juma, midomo ya mkewe ilitangulia na maneno yakafuata, hafifu mno, na ilimbidi apige kelele ili asikike ng'ambo ya meza.

"Nasema nawe, baba watoto! Mbona unanitazama kama picha?"

Fundi hakuogopa. Alijua tu kwamba ilimpasa aogope, kama mtu aliyepigwa ganzi anavyojua kwamba jino lake bado lipo. Akamwita shangazi yake, aliyezoea kuitwa kwenye nyumba zenye mambo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nionyeshe hicho kidude chako."

Shangazi akavaa vifaa vya masikioni juu ya mtandio, akasikiliza kwa muda mrefu. Alipovivua, alinong'ona.

"Nani alikwambia ukumbi huu hauna mwenyewe?"

"Ni hesabu tu, shangazi. Hauna hata ukuta."

"Mwangwi upo, ukuta haupo, nawe ukaona sawa! Umemjazia jini watu sitini wasio na pumzi. Amengoja hata mmoja amsemeshe, amechoka. Sasa anamvuta huyu anayecheka; nukta ile isiyo na jina ni sauti ya mkeo."

"Anamtakia nini?"

"Mazungumzo."

"Nikizima mashine?"

"Utafunga mlango, mkeo yumo ndani." Shangazi akayakwepa macho yake. "Hatamwachia mpaka apate mwingine."

Fundi akawasha kipaza sauti, akaanza kusema, bila kupandisha wala kushusha, habari za kazi yake, za miaka yake, za namna alivyomposa mwanamke aliyesimama mlangoni akilia kilio kisichosikika, na huku akisema alikuwa ameishika nukta mpya iliyotokea mchoroni, ya sauti yake mwenyewe, akiirudisha safu baada ya safu, akazipita fidla, akazipita filimbi, akazipita tarumbeta, akaipita ngoma kubwa, hadi ile nukta isiyo na jina ilipotikisika, ikaanza kwenda mbele peke yake, polepole, kisha haraka, ikatoka ukingoni mwa mchoro na kutoweka.

"Umemaliza?" Sauti ya mkewe ilikuwa sikioni mwake, nzima, ina joto na machozi.

"Nimemaliza," akajibu.

Mkewe akamtazama usoni, kisha akageuza sikio upande wa mlango, kule kwenye giza la korido.

"Mbona unaongea kutoka kule?"

Fundi akamshika mkono. Akamwambia asiogope, akamwambia tena kwa nguvu zaidi, naye akamwona akikunja uso, akitega sikio, akijitahidi kusikia. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa. Fundi hakuhisi chochote, hata mkono ule.

Ndipo, nyuma yake, karibu kuliko mtu yeyote aliyekuwamo chumbani, kiti kikavutwa, na sauti yenye adabu ikasema:

"Ehe. Ulikuwa unasimulia namna ulivyomposa."